Je, Wajua? Dawa ya Goti Lako Inaweza Kumuua Paka Wako

Je, wajua kwamba dawa ya kumdhuru paka wako huenda imeshatoka kabatini, na sasa imekaa kwenye goti lako? Vidonge tumejifunza kuvifungia. Dawa ya kupaka tunajipaka, tunashusha kanga, tunakaa kwenye kochi kusikiliza taarifa ya habari, na paka anapanda mapajani kama kawaida yake.

Je, wajua paka hutumia kama robo ya muda anaokuwa macho akijilamba? Ulimi wake una vijimiba vipatavyo 290. Mwaka 2018 watafiti Alexis Noel na David Hu wa Georgia Tech, Marekani, walionyesha kwamba ncha ya kila kijimiba ina mfereji uliochongeka mfano wa kijiko. Mfereji huo huchota mate kinywani na kuyafikisha hadi kwenye mizizi ya manyoya. Kazi hiyo ya usafi inafanyika vizuri mno, na hapo ndipo balaa lilipo: chochote kilichonata kwenye manyoya, kiwe vumbi, kiwe mafuta ya kuchua, huishia tumboni.

Yale maneno madogo kwenye tyubu, “Kwa matumizi ya nje tu”, yaliandikwa kwa ajili ya kiumbe asiyejilamba. Paka hana “nje”.

Je, wajua ini la paka limepungukiwa kitu ambacho ini lako linacho? Mwaka 2000 Michael Court na David Greenblatt walieleza kwamba jeni iitwayo UGT1A6 kwa paka ni jeni mfu: ipo, lakini imeharibika na haitoi kimeng'enya chochote. Kwa binadamu kimeng'enya hicho huikamata parasetamoli na kemikali nyingi za jamii ya fenoli, huzibandika aina fulani ya sukari, zikayeyuka na kutoka kwa mkojo. Paka hana njia hiyo. Dawa hubaki ikizunguka mwilini, au hugeuzwa kuwa kitu kibaya zaidi. Ndiyo maana kidonge kimoja cha parasetamoli, unachomeza wewe na kwenda kazini, kinaweza kumuua paka mzima.

Na kasoro hiyo si ya nyau wa nyumbani peke yake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 uliikuta kwa kila aina ya jamii ya paka iliyopimwa, wa porini na wa mjini. Fisi wa kahawia wa kusini mwa Afrika naye jeni hiyo imemharibikia. Maelezo ya watafiti yanaingia akilini: mnyama anayeishi kwa nyama tupu hakutani sana na sumu za majani, kwa hiyo chombo cha kuzivunja kinaweza kuharibika kizazi baada ya kizazi bila kumgharimu kitu. Gharama imekuja sasa, anapoishi nyumba moja na watu wenye makabati ya dawa.

Jeni ya pili iliyokufa ni ya kuonja utamu. Hiyo iligunduliwa mwaka 2005. Ukimwona paka anaifuata krimu yako, basi hafuati utamu. Krimu nyingi zimeundwa kwa mafuta, na mafuta anayapenda.

Je, wajua aspirini hukaa mwilini mwa paka kwa muda gani? Ili nusu yake tu itoke, paka huhitaji saa zinazokaribia 40. Mbwa huhitaji kama nane. Na dawa nyingi za kuchua, zile zenye harufu kali inayofika hadi mlangoni, zina methili salisilati, ndugu wa damu wa aspirini. Bibi anachua magoti jioni, paka analamba mkono wa bibi. Kesho tena. Kesho kutwa tena. Ya jana haijatoka, ya leo imeingia.

Tukae kidogo kwenye kisa kimoja, kwa sababu ndicho kilichowashtua wengi. Aprili 2015, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo kuhusu flurbiprofeni, dawa ya maumivu ya jamii ya ibuprofeni. Katika nyumba mbili, wenye paka walikuwa wakijipaka losheni au krimu yenye dawa hiyo shingoni au miguuni kwa maumivu ya misuli na viungo. Hakuna aliyempaka paka. Nyumba ya kwanza, paka wawili figo zilishindwa kufanya kazi; walitibiwa wakapona. Nyumba ya pili paka wawili waliacha kula, wakazubaa, wakatapika, wakaanza kupata choo cheusi kama lami, damu ikawapungua, wakafa wakiwa chini ya matibabu. Wa tatu wa nyumba hiyo alikufa hata baada ya mwenyewe kuacha kuitumia dawa. Walipopasuliwa kuchunguzwa, figo na matumbo vilionyesha alama za sumu ya dawa za jamii hiyo. Na paka hao waliipataje hasa? Haikujulikana kwa uhakika. Labda walilamba ngozi, labda shuka, labda walikanyaga zulia lililodondokewa wakaja kujilamba nyayo.

Kwa hiyo usisubiri umwone akilamba ndipo ushtuke. Wenye wale paka hawakuona kitu.

Je, wajua diklofenaki, ile jeli ya mgongo na magoti iliyojaa madukani kwetu, iko katika jamii hiyohiyo? Piga hesabu. Jeli ya asilimia moja ina miligramu 10 za dawa katika kila gramu. Gramu moja ni kidogo tu. Paka wa kilo nne akiilamba yote amepata miligramu mbili na nusu kwa kila kilo ya mwili wake, kwa mnyama ambaye figo zake hazitaki hata kusikia habari za dawa hizo.

Diklofenaki ina historia yake na wanyama, japo si paka. Mwaka 2004 iligundulika kwamba tai mizoga wa Asia Kusini walikuwa wanakufa kwa figo baada ya kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa dawa hiyo. Aina tatu za tai hao zilipungua kwa zaidi ya asilimia 95. India, Pakistan na Nepal zikaipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Dawa njema kwa mtu, maangamizi kwa ndege. Anayeamini kwamba “dawa ni dawa tu” angeuliza tai.

Je, wajua dawa ya kuotesha nywele na ndevu ni miongoni mwa mbaya kabisa kwa paka? Minoksidili ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu. Nywele zilikuja kama athari ya pembeni, wenye kiwanda wakaona biashara. Siku hizi vijana wanaotaka ndevu wanaijua kuliko wenye vipara. Ikiingia mwilini mwa paka inakumbuka kazi yake ya zamani: presha inashuka vibaya, moyo unaumia, maji yanajaa kwenye mapafu na kifuani. Mnyama anapumua kwa shida, mdomo wazi, na paka kupumua mdomo wazi si jambo la kungojea asubuhi.

Kesi 211 za mbwa na paka waliokutana na minoksidili ya kupaka, zilizoripotiwa Marekani kati ya 2001 na 2019, zilikusanywa na kuchambuliwa. Katika paka walioonyesha dalili, karibu mmoja kati ya kila wanane alikufa. Wala haikuhitaji kuinywa chupa. Kulamba nywele za mwenyewe kulitosha, au tone lililodondoka wakati wa kupaka. Wapo pia wanyama waliopakwa kwa makusudi, na watu wema kabisa waliotaka kuziba mahali manyoya yalipokatika.

Kama unaitumia na una paka anayelala kichwani kwako, sema ukweli: nani atahama mtoni? Si paka. Jipake asubuhi, sio usiku, iache ikauke kabisa, na foronya zifuliwe mara nyingi kuliko ulivyozoea. Kwa maoni yangu, mwenye paka na ndevu chache angechagua paka.

Je, wajua dawa ya upele ndiyo inayoenea mwilini kuliko zote? Krimu ya permethrini ya asilimia tano hupakwa kuanzia shingoni hadi vidoleni na kuachwa kwa saa 8 hadi 14, yaani usiku kucha. Tyubu moja ya gramu 30 ina gramu moja na nusu ya permethrini. Na kwa kuwa upele hutibiwa nyumba nzima kwa mpigo, usiku huo hakuna ngozi salama ya paka kulalia.

Permethrini ni ya kiwandani, imeigwa kutoka kwenye pareto, ua lile linalolimwa nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Binadamu na mbwa huivunja mapema. Paka hawezi. Ukitaka kujua inavyoanza, tazama masikio: yanachezacheza bila nzi. Kisha ngozi ya mgongo inapita mawimbi madogomadogo, anakung'uta nyayo kama aliyekanyaga maji, mate yanamchuruzika. Halafu mwili mzima unatetemeka, na mwisho degedege. Akiwahishwa kwa daktari wa mifugo, wengi hupona ndani ya siku mbili tatu. Asipowahishwa, hilo ndilo tatizo.

Ile dawa nyeupe ya majimaji ya upele tuliyokua nayo, wauguzi wanaiita BBE, nayo haimfai paka: benzili benzoeti ni sumu kwake. Usiku wa dawa ya upele, paka alale nje ya chumba, mlango ufungwe, na shuka zifuliwe kabla hajaruhusiwa kurudi kitandani.

Na kwa sababu tumetaja permethrini: dawa ya viroboto ya mbwa usimpake paka, hata tone moja, hata kama muuzaji anakuambia “ni ileile, punguza tu kipimo”. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ndiyo usiseme kabisa.

Je, wajua mkorogo nao unamhusu paka? Ndani ya krimu za kujichubua zimewahi kukutwa steroidi kali kama klobetasoli, hidrokwinoni, na zebaki. Steroidi ikimwingia paka kidogokidogo kila siku humnywesha maji kupita kiasi, humkojoza, humkondesha ngozi. Lakini shida kubwa ya mkorogo kwa daktari wa mifugo ni nyingine. Tyubu ya famasi ina jina, daktari akilisoma anajua pa kuanzia. Kopo la mkorogo halina jina, aliyelichanganya hajui kipimo, na wewe unaona haya hata kulitaja. Paka anatibiwa gizani.

Zebaki na paka wanajuana tangu zamani. Huko Minamata, Japani, katika miaka ya 1950, paka wa wavuvi walianza kuyumba, kuruka hovyo, wengine wakatumbukia baharini, kabla ugonjwa haujatambuliwa rasmi kwa watu mwaka 1956. Mwaka 1959 Dk. Hajime Hosokawa, mganga wa hospitali ya kampuni ya Chisso, alimlisha paka aliyepewa namba 400 chakula kilichochanganywa na maji machafu ya kiwanda cha kampuni hiyo. Paka akapata ugonjwa uleule. Kampuni ikayaficha majibu. Zebaki ya Minamata ilipita kwa samaki, na si ya aina inayotiwa kwenye krimu, lakini mkataba wa dunia unaodhibiti zebaki, hata ile ya vipodozi, umepewa jina la mji huo.

Je, wajua mafuta ya karafuu, fahari ya Pemba, si rafiki wa paka? Pale Wawi, Chake Chake, kiwanda cha makonyo hukamua mafuta kutoka kwenye vikonyo vya karafuu. Wapemba wanajichua nayo, wanayatia kwenye jino linalouma, na hakuna ubaya. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli, na yujenoli ni fenoli, yaani mlango uleule ambao ini la paka limekosa ufunguo wake. Mafuta ya mikaratusi na kafuri, vilivyomo kwenye Vicks, navyo paka havimfai. Mafuta ya tea tree, yanayouzwa sana kwa chunusi, yana kumbukumbu yake: kati ya 2002 na 2012 ziliripotiwa Marekani kesi 443 za wanyama waliokutana na mafuta hayo yasiyochanganywa, paka wakiwa 106. “Asili” kwenye lebo haimwambii ini la paka chochote.

Je, wajua Dettol? Swali la ajabu, nani asiyeijua. Lakini kiungo chake kikuu, kloroksilenoli, ni fenoli pia. Kumwogesha paka kwa maji ya Dettol ili “kuua vijidudu”, kama wengi wafanyavyo, humchoma macho, ulimi na koo anapojilamba, na kingine hupenya ngozi. Maji na sabuni laini vinatosha. Mara nyingi hata hivyo havihitajiki, ulimi wake umeshamaliza kazi.

Je, wajua paka weupe hupata saratani ya ngozi kwenye ncha za masikio na puani, kwa sababu ya jua? Sasa sikiliza hatari iliyojificha hapo. Madaktari wa ngozi huwaandikia watu krimu ya fluorourasili kwa madoa yanayoweza kugeuka saratani. Watu wenye ualbino ni miongoni mwa wanaoifahamu. Mtu ana krimu yake nyumbani, anaona kidonda kwenye sikio la paka wake mweupe, kinafanana na alichokuwa nacho yeye, anampaka. Usifanye hivyo. Fluorourasili huharibu ubongo wa paka, na madaktari wa mifugo hawaigusi kabisa kwa mnyama huyo. Januari 2017 FDA ilitangaza vifo vya mbwa watano. Mmoja alitoboa tyubu kwa meno wakati akiichezea na mwenzake. Ndani ya saa mbili alikuwa anatapika na kupata degedege, na saa 12 baadaye alikuwa amekufa. Ukijipaka dawa hii, vaa glavu, au tumia kijiti cha pamba, na kijiti hicho kisitupwe kwenye ndoo isiyo na kifuniko.

Krimu ya soriasisi yenye kalsipotrioli? Ni vitamini D ya maabara. Hupandisha kalsiamu kwenye damu hadi figo zinaumia, na kidogo sana kinatosha.

Homoni za kujipulizia mkononi? Mwaka 2010 FDA ilionya juu ya dawa moja ya estrojeni, Evamist: watoto na wanyama waliogusana na ngozi ya mama walianza kuvimba matiti na chuchu. Kwa hiyo hili si la paka peke yake. Anayembeba mjukuu asome aya hii mara mbili.

Dawa za ganzi zenye benzokaini, za meno na za sehemu ya haja kubwa inayowasha? Chembe nyekundu za damu ya paka ni dhaifu mbele ya kemikali za namna hiyo: hemoglobini yake ina sehemu nane zinazoshambulika kwa urahisi, ya mbwa nne, yako mbili. Damu inaacha kubeba hewa na fizi zinageuka rangi ya chokoleti. Ukiona fizi za rangi hiyo, kimbia.

Je, wajua maziwa hayaondoi sumu? Hili tulirithi kwa wazee na tunalifanya kwa nia njema. Maziwa hayafuti dawa yoyote kati ya hizi, na kwa zile zinazopenda mafuta, kama permethrini, mafuta ya maziwa yanaweza kuzisaidia kuingia mwilini. Usimtapishe pia, si kwa chumvi, si kwa mafuta ya kula, si kwa kidole. Kama dawa iko kwenye manyoya, mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, suuza sana, mkaushe kwa taulo, mfunike asipate baridi. Maji ya moto yasitumike, hufungua ngozi ikanywa zaidi. Asijilambe kabla hujamwosha. Mzungushie taulo kama huna kola ya kumzuia kujilamba. Kisha chukua tyubu yenyewe, si picha ya kumbukumbu kichwani, uende nayo.

Uende wapi? Daktari wa mifugo wa wilaya anajua paka kuliko unavyodhani, hata kama siku nzima yuko na ng'ombe. Aliye karibu na Morogoro ana hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Wa Nairobi ana ile ya Kabete. Namba ya simu itafutwe leo, paka akiwa mzima.

Na siku ukienda famasi kununua dawa ya kupaka, baada ya kutaja umri wako na mzio wako, ongeza maneno matatu: “Nyumbani nina paka.” Kama muuzaji atacheka, mwache acheke, lakini muulize dawa hiyo inakauka kwa dakika ngapi, na sehemu uliyopaka uifunike kwa nguo muda wote huo.